Sherehe ya Jina Bila Mafuta

Pa' Lemuan,
2 Mei 1994.

Rinai, nimekuwa bibi! Mke wa Maran wangu amejifungua msichana, mnono kama kiazi, na kwa mila yetu nachukua jina jipya mbele ya watu wote. Ila nguruwe wa kuwalisha hao watu sina.

Sasa nikusalimu, mdogo wangu mpendwa. Hujambo? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, moyo wangu tu ndio umechacha.

Mwaka juzi ulipokuja, msitu ulizaa matunda mpaka tukawa tunayakanyaga. Nguruwe pori walinenepa, mafuta ya mgongoni unene wa kiganja. Maran, ambaye huku kote hakuna mwindaji wa kumfikia, aliwaambia wenzake pale nguruwe wanapovukia mto: "Chukueni madume. Majike waacheni, wameshiba, wana mimba." Shemeji yangu Ribuh akamcheka: "We mtoto, tangu lini umekuwa mkunga wa nguruwe?" Wakawachoma mikuki wote, wakiwa bado wanaogelea. Kupasua matumbo, vitoto tele. Wakatupiwa mbwa.

Mwaka jana miti haikuzaa kitu. Majike wachache waliobaki wamekonda, mbavu nje. Jike mwenye njaa hashiki mimba, na akizaa, watoto wanadumaa. Maran amezunguka milimani wiki nzima akarudi na dume mmoja, mkavu kama ubao. Na wewe unajua, mgeni wa sherehe ya jina asipoondoka na kipande cha mafuta mkononi, jina lenyewe huchekwa.

Wazee wanataka nisubiri hadi msitu uzae tena. Nisubiri mpaka mjukuu aolewe? Naye Ribuh juzi, barazani, watu wamejaa: "Shemeji, jina kwa mchuzi wa kuku? Basi tutakuita Bibi Kuku!" Mdomo ule ule uliotafuna wale majike! Nikamwambia, "Utaniita nitakavyojitangaza, na mifupa utainyonya." Watu walicheka, yeye hakucheka.

Sisubiri. Nachinja kuku wangu wote. Ribuh nimeshamwekea nafasi ya mbele kabisa, karibu na sufuria, aone vizuri kisichokuwemo.

Msalimie sana mumeo Litad, na mwanao Bulan umbusu. Mungu awafunike kwa mkono wake njiani, maana hakuna wa kubaki huko.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Supang, ambaye jina hili analivua Jumamosi, tarehe 18 Juni, asubuhi, nyote mkiwepo.