Kiredio cha Mama

4 Machi

Mdogo wangu kitinda mimba,

Salamu nyingi. Huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini anakula. Wewe je, na kazi ya hotelini?

Kile kiredio cha muziki ulichomletea kimeharibika. Kinaandika "hakuna kadi," basi. Usihangaike kutuma kingine. Tangu ukilete, Mama kaziba masikio kwa spika zake kutwa, anacheka peke yake. Nikimwita aje ale, anaweka kidole mdomoni: nyamaza, nasikiliza. Mimi ninayemkanda magoti nimegeuka kelele. Najua umemwekea sauti yako humo. Wivu? Ninao, sifichi. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mimi sijapona.

Dada yako

19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Magoti ya Mama yamenitia mawazo. Mimi mzima, mgongo tu kwa kutandika vitanda.

Tafadhali, kadi isifutwe! Ukikichomeka kwenye kompyuta, nayo ikiuliza kama iifomati kadi, kataa. Pengine imelegea tu. Itoe, ipanguse vumbi, irudishe. Kisha kwenye mipangilio ya kiredio kuna njia mbili za kukiunganisha na kompyuta. Ukichagua ya muziki, utaona zile nyimbo zangu kumi na moja tu. Chagua ya flashi, inayoonyesha vyote vilivyomo, ndipo folda ya kurekodi itatokea. Inakili haraka.

Sauti yangu haimo, Dada. Imo yako. Mama amekuwa akikurekodi ukiosha vyombo, unapoimba ukidhani uko peke yako. Nilipokuja tena likizo alinichomekea spika moja sikioni: unaimba, unaigombeza sufuria, unaimba tena. Akasema, "Mbele yangu haimbi tangu baba yenu afariki."

Sikukuambia kwa sababu roho iliniuma. Nimejinyima kununua zawadi, naye kakutia wewe ndani yake.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima. Nisamehe kwa kimya.

Kadi haikuharibika. Kabla sijakuandikia nilikipeleka kiredio kwa fundi wa kompyuta. Nilitaka niisikie sauti yako, kisha ifutwe nikiona. Zikatokea nyimbo kumi na moja. Fundi akasema, "Dada, hiki kiko kwenye njia ya muziki. Tuweke flashi kwanza, tuone vyote." Nikamwambia, "Futa tu, futa kabisa, nina haraka." Sikuwa na haraka yoyote; niliogopa kuisikia. Kadi nikaificha kwenye kopo la nyuzi, nikakaa kukuandikia uongo.

Barua yako ilipofika nilirudi kwake mbio. Alihangaika siku mbili. Alichookoa ni dakika moja ya maji ya bomba yakimwagika.

Mama nimemwambia yote. Hakunigombeza. Aliomba kadi, akairudisha mahali pake mwenyewe. Sasa kila nikiosha vyombo, mlango wa jikoni unaachwa wazi kidogo, nami naviona vidole vyake vimekishika kiredio. Nafungua bomba, nafungua mdomo. Nikijua nasikilizwa, mdogo wangu, sauti haitoki. Mama anasubiri mpaka sahani ya mwisho, kisha anakizima.

Dada yako