Figo za Shani

Mama Shani, mke mwenzangu,

Shikamoo. Shani ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ungekuwepo usingenikaribisha hata kiti kabla hujaniuliza.

Tumerudi jana kutoka Singida mjini. Daktari aliangalia majibu yake, akayarudia tena, akasema presha imeshuka, mkojo hauna tatizo, na figo zake zinafanya kazi vizuri. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikacheka na kulia kwa pamoja, hata mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia, "Hapana, baba. Leo sijafiwa."

Unakumbuka wewe ulivyoanza. Asubuhi uso umevimba, jioni uso umepungua lakini miguu imejaa hadi ndala hazikuingii. Ukasema ni uchovu wa kung'oa vitunguu. Mgongo ukiuma unameza dawa za maumivu, ukitapika unasema ni malaria. Tulipokufikisha hospitali, figo zilikuwa zimekwisha. Tukakupeleka Dodoma kwenye mashine ya kusafisha damu. Mimi ndiye niliyekushikia beseni, na hata katika hali ile ukanigombeza: "Mama Rama, shika vizuri, utaniharibia kanga yangu mpya!" Hukukaa sana baada ya hapo.

Yaliyofuata hukuyaona, na nashukuru. Msibani kwako wifi yetu Mwajuma alisema mbele ya wanawake wote, "Mtu mwenye afya yake avimbe hivi bila mkono wa mtu?" Hakunitaja. Hakuhitaji. Mke mkubwa amekufa amevimba, mke mdogo yuko jikoni anapakua, nani mwingine? Wanawake wakatazama vikombe vyao vya chai. Kabla wageni hawajaisha, Shani alibeba nguo zake akahamia kwa huyo shangazi yake. Shani, mtoto niliyekuwa namsuka nywele mlangoni kwako! Akiniona njiani anavuka upande wa pili.

Na Baba Shani akanyamaza. Maneno ya Mwajuma yaliniuma, ila ule ukimya wa mume wetu ndio ulionikondesha. Nikawa nakuuliza wewe peke yangu shambani: hivi hata wewe uliondoka ukiniwazia hivyo?

Kisha wakaja watu wa figo.

Ndivyo tunavyowaita. Ni chama cha hisani cha mkoa wetu, wamekianzisha watu waliofiwa au wanaouguza. Wanazunguka vijijini na minadani, wanapima presha na mkojo bure, na wanaeleza ugonjwa wenyewe ulivyo. Siku ya mnada pale Nduguti walifunga turubai karibu na wauza vitunguu. Mimi nilikuwa na magunia yangu. Nesi wao, Anjelina, mama mnene mwenye sauti ya kuchungia ng'ombe, akashika kipaza sauti akaanza kwa Kiswahili, mara akaingia Kinyiramba, wazee wakasogea.

Mama Shani, yule mwanamke alikusema wewe. Uso kuvimba asubuhi. Mkojo kutoa povu. Chakula kutotamanika, mdomo kuwa na ladha ya chuma, ngozi kuwasha mpaka mtu ajikune damu. Hakuwahi kukuona, na alikuwa anakutaja kiungo kwa kiungo. Nilikaa juu ya gunia nikamsikiliza.

Mwajuma naye alikuwepo, amekuja na Shani kuuza kuku. Akapaza sauti: "Na kama mtu amelishwa kitu je?"

Anjelina hakumkasirikia. Akaweka kipaza sauti chini, akasema taratibu, "Mama yangu, mimi nimemzika kaka yangu kwa ugonjwa huu. Na sisi tulimtafuta mchawi. Huku tunatafuta, figo zinaendelea kufa. Kaka tulimpoteza, na jirani tuliyemsingizia alihama. Mpaka leo sijui aliko nikamwombe radhi."

Watu wakapanga foleni, na Shani akajipanga. Nilimwona anavalishwa ule mpira wa kupimia presha mkononi. Anjelina akapima, akamwambia akae apumzike, akapima tena. Halafu akampa kikopo. Aliporudi, nesi akamvuta pembeni, na mimi tayari nilishasimama bila kujua nimesimama. Presha ilikuwa juu sana kwa binti wa umri ule, na mkojo haukuwa mzuri.

"Mama yako yuko wapi?"

"Alikufa. Kwa huohuo."

"Basi inabidi uende Singida ukapimwe vizuri, usicheleweshe. Nani atakusindikiza?"

Mwajuma akaangalia kuku wake. Shani akageuka, akatazama watu wote wale, akanyoosha kidole.

"Mama mdogo. Yule pale."

Nimezaa, Mama Shani, na wewe ndiye uliyenishika mgongo nilipomzaa Rama. Lakini siku ile niliitwa mama nikasikia kama sijawahi kuitwa.

Mjini tulilala kwenye chumba nyuma ya duka la vitambaa. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mmoja wa waanzilishi wa chama. Mkewe alikufa kwa figo, na kwenye chumba alichokuwa akishonea sasa wanalala wagonjwa wanaotoka mbali. Alituletea chapati na maharage mwenyewe, akasema, "Mama, chumvi kidogo hapa. Mke wangu alininunia kwa chumvi hii, na ninyi mkinuna nitaelewa." Shani akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ufe.

Kwenye benchi la hospitali alinilalia begani. Hakuniomba msamaha, na mimi sikuutaka. Aliniuliza tu, "Mama aliumia sana?" Nikamwambia kweli: uliumia, lakini ulikuwa mkali mpaka mwisho. Daktari akatuita. Presha ndiyo iliyokuwa inazishambulia figo, lakini zilikuwa bado hazijaharibika sana. Vidonge kila siku, chumvi ipungue, dawa za maumivu ya kichwa alizozoea aziache, na arudi kupimwa. Tumerudi kila tulipoitwa. Na jana ndiyo hiyo niliyokuambia.

Nyumbani kumebadilika. Baba Shani amepimwa, amelalamikia kile kikopo wiki nzima, na ni mzima. Mboga anasema imepooza kama maji ya mvua, lakini anakula. Jioni moja aliniambia, "Ningesema neno siku ile ya msiba." Nikamjibu, "Ungesema." Tukaishia hapo, inatosha. Mwajuma alikuja na jogoo kwapani, akaniamkia yeye kwanza, akakaa mpaka jua likazama akizungumzia mvua tu. Jogoo tumemfuga.

Siku za mnada sasa nakaa na watu wa figo. Wanawake wananijua, wanajua na yaliyosemwa juu yangu, kwa hiyo wananisogelea. Wengine wanachelewa, Mama Shani. Mwezi huu tumempoteza mama mmoja aliyefika kama ulivyofika wewe, na Dodoma bado ni mbali. Lakini wengi tunawawahi. Jumamosi tunakwenda Kinampanda, na Shani amesema atakuja, atawasimulia mwenyewe habari zako.

Swali lile nililokuwa nakuuliza shambani nimeacha kukuuliza. Jibu ulishanipa Dodoma: mtu hamgombezi mchawi wake kwa ajili ya kanga.

Lala salama, dada yangu. Shani nitamkumbusha vidonge mpaka aninunie, na akizaa nitawapima na wajukuu zako. Wewe na mimi tuligawana zamu miaka yote. Hii ya kumwangalia mwanao imeniangukia mimi, na safari hii sitaki iishe.

Mke mwenzio,
Mama Rama