Nyumba ya Walter Iliyo Majini

S.L.P. 37,
Karungu,
Kupitia Migori.
14 Septemba, 1997.

Mpendwa wifi Dolphine,

Pokea salamu zetu sote wa Karungu, nyingi kadiri bahasha hii itakavyoweza kubeba. Hujambo wewe, baba watoto na watoto wenyewe? Ile baridi ya Gaborone uliyonieleza imepungua? Na mgongo je, bado unakusumbua ukitoka zamu? Waambie hao wenzako wa wodini wakusaidie kuinua wagonjwa, wewe si winchi.

Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, jua likipanda anatembea. Mzee ana nguvu zake, juzi alimfukuza mbuzi wa jirani mpaka barabarani huku akimtukana mwenye mbuzi. Byron amenipita kwa urefu na sasa anajibu kwa sauti nzito. Austine bado anaenda Osiri kuchimba dhahabu, anarudi Jumamosi amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mimi niko na cherehani yangu hapa sokoni, nashona sare za shule.

Ziwa ndilo limeharibika. Yale magugu yamejaa hadi Homa Bay, watu wanasema asubuhi nyingine huoni maji kabisa, unaona shamba. Samaki tunawala kwa bei ya nyama.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa sita nilikuandikia nikikuomba umhimize kaka yako Walter aje ajenge dala lake, boma lake mwenyewe. Najua maneno yangu yalikuwa na pilipili. Kama bado hujamwandikia, subiri umalize kusoma. Kama ulishaandika, soma upesi.

Hali yangu unaijua. Mimi ni Mkuria, mila zenu sikuzaliwa nazo, nilizikuta. Nilipoolewa na Austine niliambiwa kwamba nyumba yetu ndogo pale langoni mwa Mzee ni ya muda tu. Walter ndiye mkubwa. Akishatoka na kujenga dala lake, ndipo na sisi tutatoka tujenge letu. Huo muda tu sasa una umri wa Byron. Paa linavuja juu ya cherehani. Watoto wanalala jikoni kwa Mama. Siwezi kupanda hata mpapai nikasema huu ni wangu.

Na huyo mkubwa tunayemngojea, tangu aache kazi ule mwaka serikali ilipowaambia watu wajiondoe kwa hiari, hajanunua hata msumari. Alinunua mashua. Si mtumbwi wa kuvulia, wifi. Ni mashua ya tanga yenye kachumba ndani, aliyoiacha Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza samaki. Yeye na mkewe Damaris wakapakia godoro na sufuria, wakaingia ziwani. Leo wako Takawiri, kesho Mfangano, keshokutwa Rusinga. Wanawauzia watu wa visiwani sabuni, chumvi na nyuzi za nyavu, tena wanabeba mizigo ya watu. Wakitia nanga Karungu wanapanda nyumbani mchana kuwasalimia wazee, na jua likianza kushuka wanarudi majini. Hawalali kwetu. Hata mvua ikinyesha kama imekodishwa, hawalali.

Mwanzoni mimi na wewe tulicheka. Baadaye nikaacha kucheka nikaanza kumchunguza Damaris. Mwanamke gani anakataa nyumba? Mwanamke mwenye mabinti walioolewa, mwenye wakwe, anafurahia kuoga ziwani na kuanika nguo kwenye kamba za tanga? Walter naye akaanza kukonda. Mwezi wa nne nilimwona amevaa mkanda uliotobolewa tundu jipya kwa msumari, ncha yake imezunguka karibu na mgongo. Nikasema moyoni, huyu analishwa kitu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba walikuwa wakicheka. Ukikaa ufuoni unawasikia mashua ingali mbali, wanabishana kuhusu upepo na kucheka. Watu wa umri wao wanacheka nini?

Halafu Emmaculate, yule anayeuza samaki karibu na kibanda changu, akaniletea habari kwamba amemwona Walter akishusha mabati Takawiri. Wifi, sikushona siku hiyo. Ikiwa amejenga kisiwani kwa siri, bila baba yake kumtangulia na kumwonyesha mahali, basi ameharibu mpango wote, na sisi tutaoza pale langoni. Nikaenda kwa Mzee. Nilimlilia, nikamsukuma, nikarudi tena kesho yake. Mwishowe akatangaza kwamba Desemba, mkiwa nyote nyumbani, Walter atatoka, apende asipende. Jogoo wa kutangulizwa kwenye boma jipya ameshachaguliwa. Shoka la kukatia nguzo ya kwanza limenolewa na limewekwa juu ya kabati la Mama.

Lakini roho yangu haikutulia. Nilitaka kuiona hiyo nyumba ya Takawiri kwa macho yangu. Basi walipotia nanga hapa mwezi uliopita nikawaomba wanichukue hadi Homa Bay nikanunue vitambaa. Damaris alinitazama kidogo. Anajua vizuri kwamba vitambaa nanunua Migori. Akanipa mkono nipande.

Nikuambie niliyoyaona. Kile kachumba ni safi kuliko nyumba yangu. Vikombe vimetundikwa kwenye kulabu ili visigongane, unga uko kwenye mkebe wenye kifuniko cha kukaza, jiko limewekwa ndani ya karai la mchanga ili makaa yasianguke. Kila kitu kina mahali pake na kila mahali pana kitu. Nilifungua makasha yao walipokuwa juu. Ndiyo, nilifungua. Nilikuta sabuni, nyuzi na blanketi. Dawa ya mganga sikuiona.

Kilichonishtua kilikuwa juu. Damaris ndiye aliyeshika usukani. Walter, mtoto wa kwanza wa Mzee, alikuwa amechuchumaa kando ya jiko anakoroga ugali! Damaris akilegeza kamba, yeye anamwangalia tu. Upepo ulipogeuka pale mbele ya Mfangano mashua ikalala upande mpaka nikaita jina la mama yangu, lakini mume hakuinuka. Alimwambia tu mkewe afikirie mwenyewe la kufanya. Damaris akavuta hapa akaachia pale, tanga likajaa upande mwingine, tukaenda. Nikaona nimepata jibu. Mwanamke amemfunga huyu mtu, amemnyang'anya hata mashua yake.

Takawiri tulifika mchana. Mchanga wa kule ni mweupe, na ufuo wake unapendeza hata ukiwa na hasira. Walter alikuwa amechoka, akajilaza chini ya kivuli cha tanga. Mimi nikasema nakwenda kunyoosha miguu. Nilikizunguka kile kisiwa, wifi. Nilichungulia nyua za watu. Niliona kanisa dogo lenye mabati mapya, nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akianika omena ni nani aliyeyaleta, akasema ni Walter, waumini walimlipa nauli ya mzigo. Nikamuuliza nyumba ya Walter mwenyewe iko wapi. Akanionyesha mashua kwa kidole, kisha akaendelea na omena zake.

Niliporudi Damaris alikuwa ameketi mchangani anashona tanga lililochanika. Aliniuliza kama nimeiona nyumba niliyokuwa nikiitafuta. Nilimjibu kwamba sijaiona, lakini hata isipokuwepo, najua ni yeye anayemzuia mume wake asijenge. Nikamwambia yote, wifi. Mkanda, ugali, usukani, kicheko. Nilitoa kila kitu.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Mimi nataka nyumba kama wewe, Mama Byron," akasema. "Ni yeye amekataa. Na amekataa sababu yenu, wewe na Austine."

Ndipo akaniambia. Ni ule ugonjwa ambao huku hatuutaji, ambao wazee wanauita chira na wewe huko kazini unauona kila siku. Walipimwa Kisumu kabla Walter hajaacha kazi. Wote wawili wanao. Kitu cha kwanza alichotaja Walter kilikuwa mdogo wake. Alimwambia Damaris kwamba akijenga dala, halafu akafa, ataacha mjane ndani ya nyumba, na wazee watamleta Austine mlangoni amrithi. Ndivyo mnavyofanya. Nyumba ya mjane asiyerithiwa haikarabatiwi hata nyasi moja. Na Austine akiingia pale, atarudi kwangu na huo ugonjwa. Watoto wangu watabaki na Mama mwenye magoti mabovu.

Nilibisha, kwa sababu mimi sina dogo. Nilimwambia hilo halisaidii, mtu mzima akifa bila nyumba, wazee wanasimamisha kibanda kwa siku moja ili azikwe kama mwenye boma, na mjane anaingizwa humo. Nimeshaona kwa macho yangu.

"Wasimamishe," akasema Damaris. "Mimi hawatanipata. Walter ananifundisha mashua."

Alikata uzi kwa meno. Atamzika mume wake, alisema, na kabla wazee hawajakaa chini atakuwa ameshapandisha tanga, peke yake, kwenda kwa binti yao Marion aliyeolewa Musoma. Ndiyo maana Walter anakoroga ugali. Ndiyo maana upepo ukigeuka hainuki.

Nilimwuliza kwa nini hawakutuambia tu. Akasema Walter alijaribu kumwambia Mzee, akaanza kwa kuuliza kama mila ya kurithi haiwezi kuachwa, na Mzee akainuka akaondoka kabla swali halijaisha. Na mimi je, nikauliza, si ungeniambia mimi? Akaanza kukunja tanga. Nadhani sote wawili tulikuwa tunafikiria Emmaculate na kibanda changu cha sokoni.

Walter alipoamka alinikuta nimebadilika sura, akajua. Alinipakulia ugali na samaki kwa mkono wake, akanichagulia kichwa, nami nikala. Jioni wakapiga kelele kidogo kuhusu mahali pa kutia nanga, akamtania mkewe kwamba anaendesha kama mwenye ng'ombe, wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikalia, nikasingizia moshi. Homa Bay hatukufika, magugu yalifunga njia. Wakanirudisha bila kitambaa hata kimoja.

Bado nina mashaka yangu, usidhani nimekuwa malaika. Njiani nilimtazama Damaris nikajiuliza, je, akiwa amenidanganya ili nikome kumsukuma Mzee? Nikamtazama shingo. Nikamtazama vifundo vya mikono, navyo vimekonda. Hajanidanganya.

Kwa hiyo mashaka yangu nikayahamishia kwa mwingine. Jumamosi Austine aliporudi kutoka Osiri nilimwacha aoge, nikamwekea chakula, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: Walter akifa leo, nawe ukaambiwa umrithi Damaris, utasemaje? Nilitaka anicheke. Nilitaka aniambie Rispa wewe una wazimu. Alitafuna mpaka akamaliza kilichokuwa mdomoni.

"Sasa mjane wa Walter, nitamkataa aje?" akasema. "Ni kaka yangu."

Akaomba aongezewe mboga. Nikamwongezea.

Tangu siku hiyo silali vizuri, wifi. Nikilisikia shoka likisogezwa pale kwa Mama, moyo unaruka. Mimi ndiye niliyemchochea Mzee, na sasa siwezi kumzuia bila kumwaga siri ya Walter kijiji kizima. Austine nikimwambia, atamwendea baba yake mbio. Aliyebaki ni wewe. Mzee hawezi kumtoa mwanawe mkubwa bila binti yake kuwepo, kila siku anasema Dolphine atakuja, Dolphine atapiga vigelegele. Basi mwandikie kwamba Desemba huji. Mwambie hospitali imekunyima likizo, mwambie lolote, ila msisitize akungoje. Mwaka ujao utatafuta sababu nyingine, na mimi nitakusaidia kuitunga. Na kama kuna dawa yoyote huko ambayo huku haijafika, usiniandikie, itume moja kwa moja kwao kupitia kanisa la Takawiri.

Ukinisikia tena nikilalamika kuhusu nyumba, nikemee. Paa nitalifunika kwa nailoni. Naitaka nyumba yangu, sitakudanganya, naitaka mpaka naiota. Lakini kaka yako amekaa majini miaka mitatu ili mimi nisiwe mjane, na mimi miaka hiyo yote nilikuwa nikihesabu matundu ya mkanda wake. Mwambie asijenge.

Mama anakusalimu na anauliza kama watoto bado wanajua Dholuo. Mzee anakusalimu. Byron anaomba viatu vya mpira, nimemwambia aandike mwenyewe. Emmaculate anakusalimu pia, yeye sijamwambia kitu na sitamwambia.

Mungu akuzungushie mkono wake huko ugenini, aibariki kazi yako na wale unaowainua. Ukishasoma barua hii, ichome.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye bila kukuficha kitu,

Rispa.