Koti la Bwana Rula

Januari 9

Mwanangu Sindano,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na baridi ya huko haijakugandisha vidole, maana vidole ndiyo mtaji wako. Mimi sijambo. Magoti hununa asubuhi, lakini yakishapata chai yanakubali kutembea.

Nina ombi. Posta inahamia jengo jipya, na kabla ya kulifunga lile la zamani wametuita makarani wastaafu tupigwe picha ya pamoja mbele ya madirisha yetu. Itatundikwa ukutani kwenye jengo jipya. Ni mwanzoni mwa mwezi wa nne. Koti langu la kijivu limekwisha viwiko. Nikiegemea meza naiona ngozi yangu mwenyewe.

Nishonee jingine. Namna unaijua, ile ile ya marehemu mama yako: bega la kushoto lijazwe sifongo, kitambaa kiongezwe upande huo, kola ipande kidogo kuficha kazi. Miaka yote ile dirishani watu waliniona kuanzia kifuani kwenda juu, na hakuna aliyejua kwamba bega langu lilianguka nikiwa mtoto, halikuinuka tena. Wakaniita Bwana Rula, kwa kunyooka. Alijua mama yako, ukaja kujua wewe. Nisingependa nipinde sasa, tena ukutani.

Baba yako


Februari 3

Baba mpenzi,

Shikamoo. Vipi magoti? Yabembeleze, hiyo kazi uliyoyapa ya kukusimamisha wima si ndogo. Mimi mzima, ila macho yanachoka kwa taa za karakana ya mavazi.

Koti lako jipya liko tayari. Nalituma kwa rafiki yangu muuguzi anayekuja nyumbani likizo. Nililishonea kazini baada ya saa za kazi, kwa sababu chumba changu ukifungua mkasi lazima kwanza ufunge mlango. Bosi alipita akaliona mezani, akalisifu sana. Baba, yule bwana ana miaka ananiona kama pasi: ipo, ina joto, basi. Siku hiyo aliniuliza jina langu.

Mwisho wa mwezi huu tuna maonyesho ya mavazi ya wanaume. Ukisikia habari zake usishangae. Nitakueleza vizuri nikitulia.

Binti yako,
Sindano


Machi 2

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima kuliko nilivyostahili, kwa sababu nimecheka mpaka mbavu zikaomba radhi.

Koti limefika. Limenikaa kama vile mama yako yupo chumba cha pili anatafuta uzi. Nililivaa siku ile ile kwenda kwa kinyozi. Muuza spea, yule mwenye simu kubwa kama sahani, akaniita, "Bwana Rula, njoo uone. Si ndiyo kampuni ya Sindano hii?"

Tukaizunguka simu. Wanaume warefu, wembamba, wamenuna kana kwamba kila mmoja kaambiwa mwenzake ndiye mzuri, wanapita katikati ya ukumbi, na kila mmoja bega lake la kushoto limepanda mpaka sikioni. Makoti ya kitambaa cha maana kabisa, yamekaa upande kama nyumba iliyojengwa na mashemeji. Watazamaji wamevaa miwani ya jua humo humo ndani, wala hawacheki.

Muuza spea akasema, "Hawa wameteguka."

Nikasema, "Hapana. Kila mmoja amebeba kuku kwapani, ila kuku haonekani."

Duka likaangua kicheko. Nikapata nguvu, unanijua. Nikasimama, nikatembea kutoka kwenye kioo mpaka mlangoni, bega juu, midomo nimeibana, nikageuka kwa madaha kama wao. Muuza spea alilia machozi. "Rudia, Bwana Rula, rudia." Nikarudia. Mpita njia mmoja akaingia kuuliza kuna nini, nikamfanyia na yeye.

Kinyozi peke yake hakucheka. Aliendelea kufagia nywele. Nadhani mzaha ulimpita.

Huyo bosi wako aliyelisifu koti langu, mwambie akupe wewe mkasi. Wewe angalau unajua mwanamume anavyotakiwa kusimama.

Baba yako


Machi 14

Baba yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali leo. Naogopa jibu.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, na nilipomaliza sikuona pa kukaa.

Baba, yale makoti ni koti lako. Hukulitambua kwa sababu hujawahi kuliona isipokuwa likiwa mwilini mwako, na mwilini mwako limenyooka. Nililikata kwa pateni ya Mama, zile karatasi zake za kukatia. Bosi alipoliona alilivika sanamu la kujaribia nguo, na sanamu halina kasoro, basi sifongo yote ikapanda juu. Alisimama akilitazama muda mrefu. Akaniomba pateni. Nikampa, Baba. Sikuuliza hata swali moja. Yakashonwa ya kila rangi.

Watu wameyapenda. Wapo walioandika kwamba ni dhihaka kwa wanaume, wengine wakaandika kwamba hawajaona bega lenye huruma kama lile. Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele alikuwa akilipapasa bega lake taratibu, kama anauliza kitu.

Baada ya maonyesho waandishi wakamzunguka bosi. Akasema umbo lile lilimjia ndotoni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, pini mdomoni. Nikazitema mkononi, nikamfuata mwandishi mmoja, mwanamke, nikamwambia si ndoto. Ni koti la baba yangu. Bega lake lilianguka utotoni, na mama yangu ndiye aliyebuni namna ya kulificha. Akaniuliza baba anaitwaje. Nikasema alikuwa karani wa posta, watu wanamwita Bwana Rula. Nikamweleza na kwa nini.

Habari imetoka jana, na jina lako limo.

Nilijiambia nasema kwa ajili ya Mama. Lakini nilipokuwa nasema, Baba, nilikuwa naangalia kama ananiandika na mimi.

Nisamehe.

Binti yako


Aprili 11

Baba,

Shikamoo. Natumai magoti yanakupeleka unakotaka.

Barua yako sijaiona. Picha ya posta nadhani imeshapigwa. Sijui kama ulikwenda. Nilimpigia kinyozi, nikamuuliza habari zako. Akasema, "Mzee yupo." Nikauliza yupo vipi. Akasema ana mteja kitini.

Bosi amenihamishia meza ya vifungo. Jina langu amelisahau tena. Hilo siliandiki unihurumie, naliandika usije ukadhani nilipata kitu.

Hata ukiniandikia mstari mmoja wa kunitukana, nitaushukuru.

Binti yako


Mei 5

Sindano,

Salamu. Magoti ni yale yale. Barua zako zote mbili zimefika.

Ya kwanza ilikuta maji yameshamwagika. Muuza spea alikuwa ameshaisoma habari yenyewe dukani, kwa sauti, mimi nikiwa kitini na povu mashavuni. Mtu mwenye povu hana pa kwenda. Alianza kwa furaha, "Sikilizeni, wamemwandika Sindano wetu." Akaendelea mpaka kwenye karani wa posta. Akafika kwenye Bwana Rula, akaanza kuifuta simu kwa shati.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Watu wale wale, duka lile lile, na kioo kile kile nilichopita mbele yake nikimwigiza mtu aliyepinda, nimevaa koti lenyewe.

Kinyozi akaendelea kunyoa. Kisha akasema chini chini, "Mzee, mimi nakufunga shuka shingoni tangu nina kiti kimoja. Ulidhani sioni? Nywele za upande wa kushoto huwa naziacha juu kidogo, zilingane na bega."

Kwa hiyo siri yetu ya watu watatu ilikuwa na mwanachama wa nne, na mimi sina habari. Sijui kama alinifariji au alinivua shati.

Nilikukasirikia, na bado sijamaliza. Niliandika barua nne nikazichana, moja ilikuwa nzuri sana. Wiki mbili sikutoka isipokuwa kununua mkate, na njiani kila aliyenisalimu alilisalimu bega.

Siku ya picha nililivaa koti lako mpaka mlangoni pa posta. Pale nikaona kwamba nikiingia nalo, watu watakachotafuta ni ile sifongo. Nikalivua. Nikaingia na shati tu, Sindano, mara ya kwanza tangu nilipoajiriwa. Tukapangwa. Mpiga picha akaniambia, "Mzee wa mwisho, inua bega la kushoto kidogo."

Nikamwambia, "Kijana, hapo ndipo lilipofika."

Karani mwenzangu, yule mama aliyekuwa dirisha la stempu, akanigeukia. "Kumbe," akasema, "na mimi miaka yote nilidhani unaringa." Akanisogelea ubavuni, upande ule ule wa kushoto, picha ikapigwa.

Usifikiri nilikuwa jasiri. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na ukiitazama picha hiyo yanaonekana.

Niliporudi nilifungua kabati. Unazikumbuka hangeri za waya za mama yako, alizozipinda kushoto ili mgeni akiona makoti yaliyotundikwa asishtuke? Nilichukua koleo nikazinyoosha. Nikalitundika koti lako kwenye mojawapo, na likasimama kama wale vijana wenu, bega juu, na kuku wake. Nikakaa kitandani nikalitazama. Kumbe kazi ya mama yako ilikuwa kubwa kiasi kile, na mimi nilikuwa nikiivaa tu, kisha nikaifanya kichekesho cha duka zima.

Hangeri moja ilibaki imepinda. Nimeishika kwa koleo mara kadhaa, nikairudisha ilivyo.

Ukija likizo, njoo na tepu yako. Sijasema yamekwisha. Nataka shati, na unipime nilivyo.

Baba yako