Kisigino cha Baba na Jedwali la Safu Mbili

Jumatano, katikati ya Julai. Kiangazi. Tangu alfajiri upepo mkavu unavuma kutoka ziwani, na bati moja la jirani linagonga. Nimekwisha kumweleza mara mbili kwamba linahitaji misumari.

Naomba radhi kwa ukimya. Niliandika hapa bloguni kwa mara ya mwisho kabla ya Pasaka, nikaahidi kueleza habari za migomba yangu, na sikueleza. Kwa miaka thelathini nilifundisha walimu pale Butimba, na kila mwaka niliwaambia kwamba anayechelewesha kazi aje na maelezo, asije na uso wa huruma. Haya ndiyo maelezo yangu.

Baba yangu ana saratani ya ngozi.

Baba ana umri wa miaka themanini na mitatu. Ni fundi cherehani. Alitoka Kagera akiwa kijana, akashona mjini kwa miaka mingi, kisha akahamishia kazi barazani kwake, hapa Mkolani, ambako anashona hadi leo. Cherehani yake ni ya kukanyaga, naye huikanyaga kwa miguu mitupu, mguu wa kushoto ukitangulia. Husema kwamba mwenye kiatu hausikii uzi unapokaza.

Ugonjwa ulijulikana kanisani. Siku ya Alhamisi Kuu, Baba alikuwa miongoni mwa wazee kumi na wawili waliochaguliwa kuoshwa miguu. Katekista aliwaagiza wavue viatu vyote viwili. Wazee kumi na mmoja walivua viwili. Baba alivua cha kulia tu. Padri alipiga magoti mbele yake, akauosha mguu mmoja, akasubiri mwingine. Baba alitazama mbele kana kwamba anasubiri gari. Mwishowe padri alimfuta, akahamia kwa mzee aliyefuata.

Mimi nilikuwa benchi la tatu. Nakiri kwamba sikuwaza habari ya ugonjwa. Niliona aibu.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa ukali ambao sasa naukumbuka vizuri.

"Ule mwingine mchafu," alisema.

"Ndiyo sababu unaoshwa, Baba."

"Huo hautakati."

Akavua soksi. Chini ya kisigino cha kushoto palikuwa na doa jeusi, kubwa kuliko kifungo cha koti, kingo zake hazilingani, katikati limevimba na kupasuka. Alikuwa ameamini kwamba ni grisi ya pedeli iliyoingia kwenye ngozi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alilisugua kwa jiwe na mafuta ya taa. Lilipokataa kutoka, alilikwangua kwa wembe anaofumulia mishono.

Mwaka huo wote nilikula naye kila Jumapili. Sikuutazama mguu wake hata mara moja.

Hospitalini walikata kinyama, wakakipeleka maabara, na baada ya wiki kadhaa daktari alitamka neno melanoma. Alieleza kwamba ni saratani inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi yake. Nilimwambia kwamba nilidhani ni ugonjwa wa Wazungu na wa watu wenye ualbino. Alinijibu kwa upole kwamba wengi hudhani hivyo, na kwamba kwa watu weusi hupenda kujificha chini ya nyayo na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki na macho hayatazami. Sijui kama alikusudia kunisema mimi. Alikuwa sahihi kwa vyovyote.

Kwa ufupi, hali ni hii. Uvimbe wa kisigino umekwenda chini sana. Tezi moja ya kinenani imekwisha kuguswa. Kwenye mapafu na ini hawajaona kitu.

Njia ya kwanza ni upasuaji: kukata mguu chini ya goti na kuondoa tezi za kinenani. Njia ya pili ni kuingia katika utafiti wa dawa unaofanyika Dar es Salaam. Wagonjwa wote wa utafiti hupewa kwa dripu dawa inayoamsha kinga ya mwili, kisha hupasuliwa. Nusu yao huongezewa dawa mpya ambayo bado inachunguzwa, na ni kompyuta inayopanga nani aongezewe, si daktari wala mgonjwa. Hakuna aliyeahidi kwamba mguu utapona kukatwa. Hakuna aliyesema kwamba hautapona. Katika utafiti watu wanakiri kwamba hawajui, jambo ambalo naliheshimu.

Njia ya tatu nitaieleza baadaye, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya hata kwa Baba.

Mdogo wangu Devota anaishi Bukoba. Nilimpigia simu nikaweka sauti ya wazi, nisijue kwamba Baba ameingia kuchukua miwani yake.

"Kaka, mguu ukatwe," Devota alisema. "Mzee wa miaka themanini na zaidi, mguu ni wa kuchezea ngoma gani?"

"Devota," Baba alisema kutoka mlangoni.

Kisha sauti ndogo: "Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Na mguu unakusalimia."

Aliichukua miwani yake akatoka. Devota alilia, kisha akacheka, kisha akanilaumu mimi kwa kutomwonya. Kwa kawaida mambo ya familia yetu hufuata mpangilio huo.

Nilifanya nijualo. Nilichukua karatasi ya mistari na rula, nikachora jedwali. Safu ya kwanza: upasuaji. Safu ya pili: utafiti. Chini yake niliandika muda wa matibabu, safari, maumivu, madhara, nani atamsindikiza, nini kitafuata. Mwandiko ulikuwa mzuri. Nililifanyia kazi kwa siku tatu, na kwa siku hizo tatu nilijisikia mwenye manufaa.

Nilimsomea Baba barazani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kushona pindo la suruali.

"Aliyesema haya nataka nimwone," alisema.

"Mimi nimekwisha kuzungumza naye, Baba. Yote yapo hapa."

"Mtu akiniletea vipimo vya nduguye kwenye karatasi, mimi hukata kitambaa?"

"Hapana."

"Haya."

Nimekulia ndani ya kanuni hiyo. Baba hakati nguo ya mtu ambaye hajampima kwa mkono wake. Niliwahi kumwona akiirudisha kazi ya kwaya nzima kwa sababu mwenyekiti alikuja peke yake na orodha ya vifua na viuno. Mwenyekiti aliapa kwamba alipima kwa uangalifu. Baba alimwambia kwamba mtu humpima mwenzake kama anavyotaka awe, si kama alivyo. Kwaya ilienda kwa fundi mwingine, na mwezi mzima sisi tulikula ndizi na maharage bila kitoweo kingine.

Basi jana nilimpeleka hospitali. Muuguzi wa utafiti ni mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye sauti inayofaa kusomea. Alimwamkia Baba, akamwita Babu, akavuta kiti karibu na sikio lake zuri, akaanza kumsomea fomu ya ridhaa ukurasa baada ya ukurasa. Mimi nilishika jedwali langu ili kuhakiki kwamba hakuna kilichoachwa.

Baba alimsimamisha mara nyingi. Aliuliza kama sindano inalaza mtu wodini. Aliuliza kama aliyeingia anaweza kutoka. Muuguzi alisema kwamba anaweza kutoka siku yoyote, bila kutoa sababu, na ataendelea kutibiwa kama wengine. Hilo lilimpendeza. Kisha akauliza:

"Na asiyetaka hili wala lile?"

"Hiyo nayo ipo, Babu," muuguzi alisema. "Unabaki nyumbani, unatibiwa maumivu, kidonda kinasafishwa, tunakuja kukutazama. Ugonjwa wenyewe hatuugusi, tunakutunza wewe. Tunaiita tiba shufaa. Daktari alimweleza Mwalimu."

Baba aligeuza kichwa akanitazama.

Ni kweli. Daktari alinieleza mwezi wa sita, taratibu, na akanisisitizia kwamba si kumtelekeza mgonjwa. Nilielewa kila neno. Niliporudi nyumbani nilichora safu mbili.

Baba hakunigombeza. Alinyoosha mkono, nikampa jedwali. Aliomba kalamu ya muuguzi. Pembeni, mahali nilipoacha ukingo mtupu, alivuta mstari kutoka juu hadi chini, bila rula. Ulipinda. Akanirudishia karatasi na kalamu.

"Andika," alisema.

Niliandika mbele ya muuguzi, nikiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, kama mtoto wa darasa la tatu aliyeruka swali. Nafasi ilikuwa finyu. Safu ya tatu iliingia yote.

Muuguzi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Namshukuru.

Tulipokuwa tunatoka, Baba alinishika mkono kwenye ngazi. Hanishiki mkono mara nyingi.

"Vile vipimo vilikuwa vyako," alisema.

Nimelifikiria jambo hilo tangu jana. Ningependa kusema kwamba niliiacha safu ya tatu kwa upendo. Sehemu ni upendo. Sehemu nyingine ni hii: nilitaka achague utafiti, kwa sababu utafiti una wataalamu, una ratiba, na uko Dar es Salaam. Mguu ukikatwa hapa, mimi ndiye nitakayemtazama akijifunza kutembea upya. Akibaki nyumbani, mimi ndiye nitakayeketi naye. Niliandaa mtihani nikiwa nimekwisha kuusahihisha.

Nimewaadhibu watu kwa makosa madogo kuliko hilo.

Jana jioni niliketi naye barazani bila karatasi. Sikuwa na utaratibu wowote. Nilimuuliza anaogopa nini, swali ambalo katika miezi mitatu sikuwahi kumuuliza.

Aliviringa uzi kwenye bobini hadi ikajaa.

"Mguu nitauaga," alisema. "Umefanya kazi. Kufa, wenzangu wote wamefanikiwa, sitashindwa mimi. Lakini kulala wodini mchana kweupe, watu wananigeuza, wananiosha, mimi nipo tu. Hilo sijalipima."

Nikakumbuka kile kiatu kimoja kanisani.

Kisha akatoa agizo. Anataka kumwona mtu aliyewekewa dripu hiyo. Hataki kusimuliwa habari zake. Anataka amwone akiingia mlangoni na akikaa, asikie kama anapumua vizuri. Koti, alisema, halijulikani likiwa limetundikwa. Hujulikana mwilini mwa mtu.

Nilimpigia muuguzi leo saa mbili. Alisema kwamba haruhusiwi kutaja majina ya wagonjwa, na alifanya vizuri kusema hivyo. Aliahidi kumuuliza mmoja kama yuko radhi. Saa tano akapiga. Yupo mama mmoja, anakaa upande wa Usagara, amerudi kutoka Dar es Salaam baada ya kumaliza dripu zake, naye amekubali. Atakuja kliniki siku ya Ijumaa. Muuguzi alitahadharisha kwamba mwili wa mama huyo si mwili wa Babu, na yaliyompata huyu huenda yasimpate yule. Nilimfikishia Baba maneno hayo yote, bila kupunguza.

"Naye anatembea?" aliuliza.

"Sikuuliza, Baba."

"Vizuri. Nitaona mwenyewe."

Baada ya Ijumaa zitabaki siku chache za kuijibu timu ya utafiti. Devota anakuja kesho kwa meli. Ameapa kwamba hatasema lolote kuhusu mguu. Simwamini, lakini nimemtandikia kitanda.

Ninapoandika haya Baba yuko barazani, anashona sare ya shule. Mguu wa kushoto umefungwa bandeji, ameupumzisha juu ya kigoda. Anakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, polepole, na mlio wa cherehani umebadilika. Nilitoka kuukagua mshono. Umenyooka.

Jedwali liko ndani ya droo ya cherehani, chini ya vibunda vya uzi. Sasa ni lake. Ijumaa nitakaa nyuma yake, na sitajibu swali ambalo sijaulizwa.

Najiuliza kama nitaweza. Sijazoea kukaa nyuma.

Sitaandika tena hapa kabla Baba hajakata shauri. Akishakata, nitaliandika kwa maneno yake, safu yoyote itakayokuwa. Ikiwa ni ile ya tatu, mwandiko utakuwa uleule.