Anafuta, Inarudi

Jumatatu, 4 Machi
Nimepangusa vumbi, nimewasha mashine. Dukani Kismayu watu huacha sauti kwa jamaa waliokimbilia kambini na Mombasa. Kila sauti inakaa mashine tatu: hii yangu, ya ami kisiwani Kudha, ya binamu Mwanaesha Mombasa. Zikihitilafiana, mbili zikiafikiana, ya tatu inafuata. Kama mashahidi mbele ya kadhi. Programu nimeiandika mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada.

Jumatano, 6 Machi
Bwana Miwani, mkubwa wa wenye bunduki, kaja kumwachia nduguye sauti. Anacheka humo, anajisifu. Jahazi la kisiwa cha Chovai kalichoma yeye, na kijana aliyekataa kushuka kaungua nalo.

Kijana huyo Shee. Ndugu yangu. Miwani hajui, kwake Wabajuni sote sura moja.

Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Jumapili, 10 Machi
Wazee wa ukoo wa Miwani waja kumpa kiti cha usuluhishi. Sasa kaukumbuka ulimi wake. Anataka sauti ifutwe. Niliogopa: dishi linalounganisha mashine likiwa hewani, amri ya kufuta inafika kote na zote zinatii. Akasema, "Kata dishi kwanza, Mombasa wasijue." Mashine iliyotengwa haina kauli juu ya nyingine. Nikakata haraka, ya hapa ikafutwa.

Jumatatu, 11 Machi
Dishi limeunganishwa. Kudha na Mombasa zimeisahihisha ya hapa. Sauti imerudi.

Jumatano, 13 Machi
Anakata, anafuta, inarudi. Leo kaleta mwalimu aisomee mashine. Nimewachomea ubani. Raha niliyoiona sikuiona tangu vita vianze.

Ijumaa, 15 Machi
Wazee wamekuja kusikiliza salamu za jamaa zao. Nikawawekea ile ya Miwani. Mmoja alijifunika uso kwa kilemba. Wameondoka bila kumpa mkono Miwani.

Kaipiga mashine risasi. Mimi nilikwishatokea mlango wa uani.

Jumamosi, 16 Machi
Kudha. Mwanaesha kapiga simu. "Kaka, shahidi wa Kismayu hajibu."
"Kauawa."
"Na mchu wako yule mwenye bunduki?"
"Kiti kapewa mwingine."
Akacheka mpaka akakohoa. Nami pia. Bado namtaka Miwani alie.

Alhamisi, 28 Machi
Mombasa. Nimemsimulia mama yote. Hakuuliza habari za Miwani. Ameomba sauti ya Shee, ile ya mwaka jana anapoagiza tambi za jiko, anamgombeza Mwanaesha kwa kusahau.

Tumeisikiliza. Ameomba tena.

Kisha nikafungua boksi la mashine mpya, ya tatu badala ya ile ya Kismayu.