Asi Niliyoitupa Mbele ya Mama

Likasi, Jumatatu mchana

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Martine,

Nakusalimu wewe, shemeji Germain na watoto wote wa hapo Kolwezi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile jino lililokutesa tangu Pasaka limeshang'olewa, maana wewe muuguzi mzima unaogopa koleo kuliko wagonjwa wako. Mimi sijambo. Jenny na watoto niliwaacha salama Lubumbashi. Mama naye ni mzima, anakula, anasali, anagombeza majirani kama kawaida. Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo mfukoni. Lakini nyumba hii unaijua: ukikohoa sebuleni, Mama anakusikia jikoni, na haya ninayokuandikia sitaki ayasikie. Tshimanga anapeleka mizigo Kolwezi kesho, atakuletea.

Ulinituma nije kumchukua Mama akaishi kwangu. Tangu alipoanguka uani wakati wa mvua, akalala juu ya saruji hadi Mama Josée wa jirani alipokuja kuomba chumvi, sisi wawili tulikubaliana kwamba hawezi tena kukaa peke yake. Jibu lake unalikumbuka. Alituambia sisi, akamwambia katekista, akaiambia kwaya nzima, kwamba nyumba ya Papa, marehemu baba yetu, ataitoka siku atakapobebwa na wanaume wanne.

Basi nilifika Jumamosi na maneno yangu yote niliyoyapanga njiani. Alinisikiliza huku anachambua maharagwe, hata kichwa hakuinua. Nilipomaliza, alisema hawezi kubishana na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Kesho yake, baada ya misa, tutaliweka jambo mezani.

Unajua maana yake. Watu wengine wanaita wajomba, kwetu ziliitwa karata. Papa alifundishwa poka na yule Mgiriki mwenye duka la vitambaa, na tangu tukiwa wadogo kila ugomvi wa nyumba hii ulikatwa hivyo: maharagwe mabichi thelathini na karata mbili za siri kwa kila mtu, karata tano za wote zinafunuliwa katikati, na anayeshindwa anatii bila kununa. Ndivyo wewe ulivyopata kusomea uuguzi badala ya ushonaji. Mtu akisukuma maharagwe yake yote katikati, hapo ndipo mwisho: ukimfuata, karata zinaamua, ukitupa zako, umeshindwa, na za kwake huna haki ya kuziona. Safari hii tulipatana kwamba nikishinda, Mama anahama. Akishinda yeye, anabaki, na hatutamgusia tena jambo hilo mpaka Mungu amwite.

Na uchezaji wa Mama unaujua pia. Anatupa, anatupa, anatupa, sisi tunapiga kelele yeye anafuma. Papa alimwita benki, kwa sababu hatoi kitu bure. Lakini siku akisukuma, ujue anazo. Mimi nilithubutu kumfuata mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili niliosha vyombo wiki nzima.

Jana tulicheza karibu saa nzima bila kitu cha maana. Halafu nikapata asi, karata kubwa kuliko zote, na kumi. Katikati zikalala asi, tisa na sita. Nikawa na jozi ya juu kuliko zote zilizowezekana pale. Niliweka maharagwe matano, Mama akafuata. Ya nne ikawa mbili, nikaweka manane, akafuata tena. Ya mwisho ikawa dama, yaani malkia. Hapo Mama akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akayasukuma maharagwe yake yote kwa mkono mmoja.

Yaya, nilizitazama tena karata zangu. Hervé, rafiki yetu wa hapa mtaani, au jirani mwingine yeyote, angefanya vile ningemfuata nikicheka, kwa sababu wao hata na saba wanasukuma. Lakini huyu alikuwa Mama. Nilihesabu anavyoweza kunipiga: asi na dama, asi na mfalme, au tisa mbili za mkononi kuungana na ile ya mezani. Jozi moja, hata ya asi, haitoshi mbele ya mtu asiyedanganya. Nikazilaza karata zangu. Mama alizitazama mahali zilipolala, akasema "bon", yaani haya basi, akayakusanya maharagwe na kwenda kuyapika. Alikula kidogo, akaenda kulala mapema. Nilidhani amechoka.

Leo asubuhi Mama Josée aliingia uani na kikapu. Nilipomwambia kwamba Mama habanduki tena Likasi, alisimama kama mtu aliyeibiwa. "Lakini mama yako alishanipatia kuku yote tangu Ijumaa," aliniambia. "Alisema weye utamubeba."

Nilirudi ndani. Karata mbili za Mama zilikuwa bado pale mezani, kifudifudi, hakuzigusa tangu jana. Nikaivunja sheria ya Papa, nikazifunua. Saba na tatu. Hakuwa na kitu chochote, yaya. Na chini ya kitanda chake nikakuta valizi yake ya nguo imefungwa, na picha ya Papa imeviringishwa ndani ya shali.

Ndipo nilipoelewa. Baada ya kuwaapia watu wote, hakuweza kusema kwamba siku hizi anaogopa ule ua. Lakini kushindwa mezani si aibu kwa mtu yeyote wa nyumba hii, ndiyo maana alisukuma bila kitu, ili nimfuate nimshinde. Nilimkuta jikoni nikamwekea zile karata mbele yake. Hakukasirika.

"Minye sijadanganyaka ku table hata mara moja," alisema. "Siku ya kwanza nadanganya, njo siku weye unakimbia. Na asi ulikuwa nayo, niliiona ku macho yako."

Sasa nikuambie ambalo hata Jenny sijamwambia. Nilizitupa zile karata kwa hesabu nzuri, Papa mwenyewe angenisifu. Lakini zilipolala mezani nilihisi nimepumua. Nyumba yetu ni vyumba viwili, Jenny na Mama si watu wa jiko moja, na nilikuwa nimepata njia ya kukurudia wewe nikisema, nilijaribu. Nadhani ndiyo maana niliamini haraka hivyo kwamba anazo. Nina haya, yaya. Nampenda Mama, na nilimwacha pale na saba na tatu zake.

Hayo nilimwambia na yeye. Alikoroga sufuria, halafu akasema: "Basi uniombe. Kwa kinywa."

Nikamwomba, mbele ya Mama Josée. Mara ya kwanza alikataa, na ya pili pia. Ya tatu akauliza kama kwetu kuna mahali pa kufugia kuku. Tunaondoka Alhamisi.

Nisalimie watoto mmoja mmoja, na shemeji umwambie koti lake bado liko hapa. Ubaki na amani. Na ukimpigia simu Mama, nakuomba, mpe pole ya kushindwa. Watu wa kwaya ameshawaeleza kwamba nilimfuata kwa jozi ya asi na kumfilisi, na anaeleza vizuri sana, mpaka na mimi nimeanza kusadiki.

Mdogo wako akupendaye,
Guy